Nukta ya Saba Ilikwepa Nini

"Mashine haidanganyi, afande," alisema Elihuruma, na kwa neno hilo Inspekta Violet Temu akavuta kiti akakaa.

Alikuwa amekuja kwa dakika tano tu. Lakini katika miaka yake ya upelelezi mjini Arusha alikuwa amejifunza jambo moja: mtu anayeanza kwa kuitetea mashine kabla haijashtakiwa, kuna kitu kinamwasha.

"Sijasema inadanganya," alimjibu. "Nataka kuiona tu."

Elihuruma alikuwa ofisa ramani wa halmashauri, kijana mnene anayevaa sweta hata jua likiwaka. Aligeuza skrini. Ilijaa picha iliyopigwa na droni kutoka angani: migomba, kahawa, mapaa ya bati, na juu yake mistari myekundu ya mipaka, kila shamba na namba yake. Hicho kilikuwa kijiji cha Nkoamasi, juu kidogo ya Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru.

"Huku ni namba 114, kwa Bibi Hanna Akyoo," alisema. "Na hii 115 ni ya Mwalimu Joel. Mpaka huu hapa."

"Bibi Hanna anasema mpaka si huo."

"Bibi Hanna ana miaka sabini na nane."

"Nimekuuliza umri wake?"

Sajenti Dismasi, aliyekuwa amesimama mlangoni akila karanga, alicheka puani.

Habari yenyewe Violet alikuwa nayo kichwani tangu jana. Mpimaji anatembea juu ya mpaka na kishikwambi mkononi, mwenye shamba yupo, majirani wapo. Kila kona anabonyeza, nukta inaingia kwenye mfumo. Wakimaliza, mwenye shamba anaweka dole gumba. Ramani hubandikwa mwezi mzima ili mwenye malalamiko aseme. Mwezi wa Nkoamasi ulikuwa unakwisha leo, saa tisa alasiri. Baada ya hapo mfumo unafungwa, hati zinachapishwa, na kile kipande cha mita ishirini na mbili ambacho Bibi Hanna alilima tangu alipoolewa kinakuwa cha Mwalimu Joel mpaka dunia iishe. Bibi alipinga mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa dole gumba lake liko pale.

"Hiyo alama ya kidole ni ya lini?" Violet aliuliza.

"Tarehe kumi na nne. Ijumaa."

"Na nukta?"

Elihuruma alibonyeza, akasogeza uso karibu na skrini. Sikio lake moja liliwaka. "Tarehe kumi na sita."

"Yaani bibi ameweka kidole Ijumaa kwenye mpaka uliopimwa Jumapili."

"Mpimaji akigundua kosa, anaruhusiwa kurudia nukta. Sahihi inabaki. Ni... mfumo ulivyo."

"Mpaka umehama, kidole kimebaki kinaulinda," Dismasi alisema. "Mfumo mzuri huo."

"Karudia nani?"

"Akaunti ni ya Hope. Mpimaji wa eneo lile. Jumapili, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi mpaka saa nne na dakika ishirini na sita. Nukta kumi na moja."

Jina la Hope lilikuwa limeshachafuka kijijini. Watu walisema Mwalimu Joel amemnunua, kwamba binti alikuwa habanduki nyumbani kwake, chakula anakula huko huko. Halmashauri ilikuwa imemsimamisha kazi, na barua ya kumfukuza ilisubiri kalamu tu.

Violet aliusogelea ule mstari. Ulishuka umenyooka toka nukta ya kwanza mpaka ya sita. Kwenye ya saba ukajikunja kama mtu aliyeona nyoka, ukarudi kwenye ya nane, ukaendelea umenyooka mpaka mwisho.

"Hapa pana nini?"

"Migomba tu. Mashine inakosea mita mbili tatu, afande. Chini ya miti hasa."

"Umeniambia haidanganyi."

"Haidanganyi. Inakosea."

"Hili pindo ni mita ngapi?"

Akapima. "Sita."

"Na kati ya nukta ya sita na ya saba, mtu alitumia muda gani?"

Elihuruma alihesabu kwa midomo. Nukta nyingine zote zilifuatana kwa dakika moja, moja na nusu. "Dakika nne," alisema, na safari hii hakuitetea mashine.

*

Ukitaka kujua nani alikuwa wapi Nkoamasi siku yoyote ya Mungu, huendi ofisi ya kijiji. Unaenda kwa Mama Princess, mgahawa wa mabanzi pale njia panda, unaagiza mtori wa ndizi, unanyamaza.

"Jumapili ya tarehe kumi na sita?" Mama Princess aliweka bakuli mbili mezani. "Si ndiyo ilikuwa sikukuu ya mavuno! Kanisa lilijaa mpaka nje. Mimi nilipeleka maboga. Mama mmoja hapa, simtaji jina, alipeleka papai moja. Moja! Na ana shamba kama uwanja wa ndege."

"Hope alikuwepo?"

"Hope si ndiye mwimbishaji? Bila yeye kwaya inaimba kama mbuzi waliofungiwa. Ngoja." Alifuta mikono kwenye khanga, akachomoa simu kifuani. "Nilimrekodi. Niliweka mpaka kwenye stetasi."

Video ilikuwa na saa yake: nne na dakika kumi na saba. Hope alikuwa mbele ya kwaya, joho la bluu, macho amefumba, mkono mmoja juu. Na hakuwa ameshika kishikwambi.

Dismasi alilamba kijiko. "Basi akaunti ilitembea shambani, mwenyewe yuko anaimba."

"Kile kishikwambi kililala wapi siku hizo, mama?" Violet aliuliza.

"Kwa Mwalimu Joel, kibarazani. Yule Mchaga si ana sola kubwa? Wapimaji wote walikuwa wanachaji pale. Ndiyo watu wakaanza maneno. Mimi sisemi mtu." Akavuta kigoda. "Lakini Joel ni Mkatoliki. Jumapili hukuti mtu kwake, yuko Usa River misani mpaka saa sita. Mtu yeyote angeingia kile kibaraza, hata mbwa hana."

"Na paswedi?"

"Si imeandikwa nyuma kwa karatasi ya gundi! Hata mimi naijua. Hope na moja, herufi kubwa mwanzoni."

Violet aliacha kijiko. "Nani alitoka kanisani, Mama Princess? Katikati ya ibada."

"Watoto. Wenye watoto. Na Mzee Naftali."

"Mwenyekiti wa kitongoji?"

"Huyo huyo, shemeji yake Bibi Hanna. Alikuwa ameahidi mbuzi wa mnada, kamsahau nyumbani. Mzee wa kanisa mzima kasahau mbuzi! Tulicheka. Karudi naye baadaye, viatu vya kanisani vimejaa udongo mpaka kwenye kamba. Lakini wewe usimdhanie vibaya. Mbuzi ni mbishi, labda alimkimbiza."

"Sijamdhania mtu," alisema Violet, akaandika.

*

Mwalimu Joel aliwapokea na hati ya mauziano mkononi, kama mtu aliyeisubiri siku hiyo. Alikuwa mtu wa Machame, anafundisha jirani na Makumira, miwani imening'inia shingoni.

"Mimi sikumwibia bibi wa watu. Nilinunua, nina karatasi. Someni."

Violet alisoma. Joel alinunua shamba miaka minane iliyopita. Ukubwa: ekari moja, yaani hatua sabini kwa sabini. Muuzaji: Naftali Akyoo.

"Nani alipima hizo hatua?"

"Mwenyewe muuzaji. Kwa miguu."

Dismasi aliangua kicheko. "Mzee Naftali? Mwalimu, yule mzee anatembea kama kuku aliyefungwa kamba! Hatua zake sabini si arobaini za mtu?"

Joel hakucheka. "Wapimaji walipokuja, nilimwambia mzee wazi: sasa mashine itasema ukweli. Ikipungua ekari, tutaonana kanisani kwako, mbele ya mchungaji."

"Ulimwambia lini?"

"Ijumaa ile. Wakishuka kutoka kwa Bibi Hanna."

"Na mashine ilisema nini?"

"Ekari moja kamili." Alitoa karatasi ya halmashauri. Ilisomeka 1.00.

Violet aliitazama ile namba muda mrefu. Mlima mzima huu, wenye makorongo, mifereji na mashamba yaliyogawanywa kwa mkono kutoka baba kwenda mwana, hakuna mtu mwenye ekari moja kamili. Kuna mwenye pungufu, kuna mwenye zaidi.

"Mwalimu, wewe ulijua lile eneo la bibi? Umewahi kuingia?"

"Niingie kufanya nini kwenye kahawa ya watu?"

"Saa saba na nusu tukutane kwa bibi," Violet alisema. "Njoo na viatu vya shambani."

Huyu alifaidika, alikuwa na kishikwambi kibarazani kwake, na alikuwa na hasira. Mshukiwa mzuri. Mzuri kupita kiasi, kama ile namba.

*

Bibi Hanna alikuwa mfupi, mkavu, na fimbo yake ya mti wa kahawa aliitumia kuonyesha zaidi ya kutembelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni Mchaga wa wapi?"

"Kibosho, bibi."

"Basi masale unayajua. Hao wa halmashauri wanaambiwa masale, wanatazama simu." Alinyoosha fimbo. Mstari wa masale uliteremka kati ya mashamba mawili, majani yake marefu yamesimama, mashina manene ya miaka mingi. "Mume wangu na baba yake ndio waliyapanda. Mpaka ni huu. Nani anang'oa isale? Hata mwizi hang'oi."

"Kwenye faili Naftali anasema yalipandwa kuzuia mbuzi tu, mpaka wa kweli uko huku ndani."

"Naftali anasema nimezeeka, nimesahau." Bibi alitema mate pembeni. "Nimesahau mengi. Hilo hapana."

Hope alikuwa amekuja pia, Violet alimpigia. Alisimama mbali, macho yamevimba, amebeba kishikwambi cha akiba na begi la vifaa. Bibi hakumsalimu.

"Nipeleke kwenye zile nukta za Jumapili," Violet alimwambia.

Waliingia ndani ya migomba, Hope akifuata kidoa cha bluu kwenye skrini. Nukta ya tano. Ya sita. Hapo Violet alisimama.

Mbele yao palikuwa na mahali padogo, si papana kuliko kitanda, ambapo hapakuwa na mgomba wala kahawa. Majani yalikuwa yamefyekwa, mafupi. Katikati lilikuwa limesimama isale moja, peke yake, mbali na mpaka wowote. Mstari mwekundu wa kwenye skrini ulipazunguka na kurudi.

"Siku ile na bibi mlipita hapa?"

"Hapana, afande. Tulipita kule juu, kwenye masale. Hapa ndiyo naingia leo."

"Bibi!" Dismasi aliita. "Hapa mbona hapalimwi?"

"Hapalimwi tu," Bibi Hanna alijibu kutoka kwenye kahawa, upesi mno.

Violet hakuuliza la pili. Kwao Kibosho pia isale linapandwa mahali pa aina mbili: kwenye mpaka, na mahali pengine. Alitazama saa. Saa saba na dakika ishirini na tano.

*

Mzee Naftali, aliyeitwa kama mwenyekiti, alichelewa mpaka saa nane, Mwalimu Joel akiwa ameshafika; alikuja kwa suti ya kijivu na kofia ya pama, akamsalimia kila mtu kwa jina.

"Binti yangu," alimwambia Violet, "mimi nimesema toka mwanzo. Serikali imeleta mashine, mashine imesema. Sisi ni nani tubishane na setilaiti? Shemeji yangu nampenda, ila umri ni umri."

"Kweli kabisa, mzee. Ndiyo maana nataka tumalize leo." Violet alichukua tepu ya kupimia kwenye begi la Hope. "Halmashauri inalalamika mstari umepinda. Tunataka kuunyoosha. Toka nukta ya sita mpaka ya nane, moja kwa moja. Mwalimu Joel, shika kichwa cha tepu, nenda kwa Sajenti Dismasi kule mbele. Usipinde."

Joel alishika, akaenda. Alipita katikati ya yale majani mafupi, soli yake ikakanyaga karibu kabisa na shina la isale, na wala hakutazama chini.

Violet hakuwa anamtazama Joel. Alikuwa anamtazama Bibi Hanna. Fimbo ya bibi iliinuka nusu, mdomo ukafunguka, kisha akaishusha fimbo na kuishika kwa mikono miwili.

"Asante, Mwalimu. Hope, na wewe."

Hope alipita palepale.

"Sasa mwenyekiti. Wewe ndiye shahidi wa kijiji, lazima upite na wewe, tuandike."

"Wamepita wawili, hawatoshi?"

"Ni utaratibu tu, mzee."

Naftali alishika tepu. Alianza vizuri, vile vihatua vyake vifupi. Alipofika kwenye ukingo wa majani mafupi alipunguza mwendo. Kisha miguu yake ikaenda kushoto yenyewe, ikapita nyuma ya migomba, ikazunguka, ikarudi kwenye mstari upande wa pili. Tepu ililegea, ikanasa kwenye jani.

Dismasi, aliyeshika ncha ile nyingine, aliacha kutafuna.

"Mzee," Violet aliita. "Umekwepa nini?"

"Matope."

"Mwalimu Joel kapita hapohapo. Inua mguu, Mwalimu."

Joel aliinua. Soli ilikuwa kavu.

"Mtu aliyebeba kishikwambi Jumapili ya mavuno naye alikwepa hapa," Violet alisema. "Mita sita, kama wewe. Angekuwa Mwalimu, angepita katikati, maana yeye hajui. Hope hajui. Mimi mwenyewe sijaambiwa. Nani mwingine anajua, mzee?"

"Binti, mashine inakosea chini ya miti."

"Mashine haikukosea. Wewe ndiye ulishindwa kukanyaga."

"Naftali," alisema Bibi Hanna. Mbele yake siku zote alimwita shemeji. "Waambie, au niwaambie mimi."

Mzee alitazama chini.

"Hapo yuko mtoto wangu," bibi alisema. "Wa kwanza. Aliishi siku sita, hakufikia kubatizwa. Mume wangu hakutaka asemwe, tukamzika wenyewe, bila msalaba, isale tu. Tulijua watatu. Mimi, mume wangu, na huyu. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Ndiye aliyeshika jembe."

Mwalimu Joel alirudi nyuma, akaivua miwani shingoni. "Mzee," alisema taratibu, "hukuwa na ekari, si ndiyo? Uliniuzia kitu huna."

"Ungenipeleka mbele ya kanisa!" Sauti ya Naftali ilipasuka. "Miaka ishirini mzee wa kanisa, nisimamishwe kama mwizi wa kuku! Nilisema nichukue kidogo. Shemeji hana mtoto huku, wote wako Dar, nani atalima? Niliwafuata hawa wapimaji wiki tatu, kazi yao ni kubonyeza tu. Hata mimi nikabonyeza, hadi ekari ikatimia."

"Na mbuzi?" aliuliza Dismasi.

"Nilimfunga njiani."

Violet alimkaribia. Kuna swali lilikuwa limemkaa tangu ofisini kwa Elihuruma, na halikuhitajika tena kwa kesi, lakini aliliuliza. "Ulifika hapa ukasimama dakika nne. Una haraka, ibada inaendelea. Ulikuwa unafanya nini?"

Mzee aliishika kofia yake ukingoni.

"Nilivua kofia," alisema. "Nilimwomba radhi."

"Ulimwomba yeye," alisema Bibi Hanna. "Mimi je?"

Dismasi alimshika Naftali mkono taratibu, kama anayemsaidia mzee kuvuka mfereji, na hakumwachia.

Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano. Violet alipiga simu.

"Elihuruma. Fungua namba 114, ingiza pingamizi la polisi. Akaunti ilitumiwa na mtu mwingine, amekiri mbele ya mashahidi wanne. Nukta za Jumapili zifute, za Ijumaa zirudi. Na pale kwenye pindo pana kaburi la mtoto."

"Saa hii, afande? Mfumo unafungwa saa—"

"Najua unafungwa saa ngapi. Nakaa kwenye simu mpaka uniambie tayari."

Alisikia kibodi ikigonga, kiti kikilia, mtu akiulizwa kitu upande wa pili. Kisha Elihuruma alirudi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Zimerudi. Lakini kama ndani ya shamba kuna kaburi, nalo lazima liwe na nukta yake, la sivyo baadaye mtu anaweza kuuza juu yake. Mwambieni mpimaji aliweke."

"Mpimaji mmemsimamisha kazi."

"Mwambieni Hope aliweke," alisema Elihuruma.

Hope alimtazama Bibi Hanna kwanza. Bibi alimtazama muda, kisha akasogea na fimbo yake, akasimama kando ya isale, akamwachia nafasi. Hope alivua viatu, akaingia kwenye majani mafupi, akasubiri kile kidoa cha bluu kitulie. Akabonyeza.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "inauliza jina. Naweza kuacha wazi."

"Usiache wazi." Bibi Hanna alilamba midomo. Miaka hamsini na kitu lilikuwa halijatamkwa kwenye shamba lile, na pale chini Naftali alikuwa amesimama mkononi mwa sajenti, kofia ameivua. "Anaeli. Andika Anaeli."

Hope aliandika. Nukta iliingia saa nane na dakika hamsini na moja.